Nyanya wa Mchana

Binti yangu alinipigia simu nikiwa shambani katikati ya mikahawa, kikapu kimefungwa kiunoni, nikichuma kahawa nyekundu na kuziacha za kijani zingoje wiki yao. Aliniambia ametoka kupigwa picha ya tumbo huko Kerugoya, mtoto yuko sawa, na ni msichana. Halafu akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Mtu asiye wa huku angedhani mtandao umekatika.

Kwetu milimani jina la mtoto halichaguliwi, linangojewa. Msichana wa kwanza ni wa mama ya bwana, wa pili ni wa mama ya bibi. Wa kwanza alikuwa amekuja miaka minne nyuma, akachukua jina la mama mkwe wa binti yangu, mjane mmoja mpole anayekaa Kianyaga kwenye majani chai. Sasa zamu ilikuwa yangu. Na huku mtoto akizaliwa hatuulizi anaitwa nani, tunauliza ni nani amezaliwa. Nyanya mwenyewe, hata kama meno yote yamemtoka, hutembea sokoni akiwatangazia watu, "Nimezaliwa!" na watu humpa mkono na kumpongeza, wala hakuna anayeona ajabu.

Maana yake ni kwamba mtoto hapewi jina tupu. Hupewa mwenye jina mwenyewe, pamoja na mwendo wake na ukali wake. Akipenda viazi ni kwa sababu nyanya yake anapenda viazi. Akikasirika upesi, watu hucheka na kusema, "Si mnajua ni nani huyo." Mimi ninayengojewa nina ugonjwa wa akili. Daktari anauita baipola, majirani wanauita mambo ya kichwa, na mimi kwa miaka mingi sikuuita kitu chochote kwa sababu sikujua kwamba upo.

Basi mnielewe kwa nini nilinyamaza. Nilimtamani mtoto huyo kuliko nilivyowahi kutamani kitu, na niliogopa kumpa jina langu kama mtu anavyoogopa kumwekea mgeni chai kwenye kikombe chenye ufa. Tena niliogopa jambo la pili, kwamba binti yangu naye alikuwa akiogopa vilevile na hakujua ataniambia vipi.

Niseme ilivyokuwa mara ya kwanza, nisije nikadhaniwa nina woga wa bure. Huyo msichana wa kwanza alipozaliwa nilikwenda Kerugoya kumtunza mzazi, kama mama yeyote anavyokwenda. Kazi yenyewe inajulikana. Unapika njahi, yale maharagwe meusi ambayo mama aliyejifungua hulishwa mpaka ayachoke, unakoroga uji, unafua nepi, na usiku mtoto akilia unaamka wewe ili mwanao alale. Wakati ule nilijijua tu kuwa mtu wa moto miezi fulani na mtu wa blanketi miezi mingine. Nilidhani binadamu wote wako hivyo, ila wenzangu wana ustadi wa kuficha.

Usiku wa kwanza niliamka mtoto alipolia. Baada ya siku chache nikawa naamka kabla hajalia, halafu nikawa silali kabisa, na wala sikuona haja ya usingizi. Nilikuwa na furaha isiyo na mlango. Nilipika njahi za kulisha nyumba zote za ploti. Wapangaji wa mlango wa pili niliwapangia biashara ya kuku ambayo hawakuwa wameiomba. Na asubuhi moja ya mvua, binti yangu akiwa bafuni, nilimfunga mtoto kifuani kwa leso, nikavaa koti juu yake, nikashika barabara ya Kianyaga kwa miguu. Nilitaka kumpeleka akaonane na mwenye jina lake. Lilionekana kwangu jambo la adabu kabisa, hata nikashangaa kwamba hakuna mtu aliyekuwa amelifikiria.

Walinifikia mbali, nikiimba, viatu nimevishika mkononi. Mimi nilikuwa nimeloa chepechepe lakini mtoto alikuwa mkavu na amelala. Mkwe wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa maneno machache, alinifungulia mlango wa gari kwa heshima zote. Binti yangu alimchukua mtoto, akamkumbatia, akageuza uso dirishani. Ningeweza kuvumilia kama angenitukana.

Baada ya hapo nilikaa hospitalini Nyeri kwa muda, halafu nikarudi nyumbani na kukaa chini ya blanketi kwa muda mrefu zaidi. Nikapewa vidonge, na nikapewa siku ya kwenda kliniki kila mwezi kupimwa damu na kuulizwa maswali.

Aliyekuwa akiuliza maswali ni muuguzi wa rika la binti yangu, mwenye sauti ya chini na macho ambayo huwezi kuyadanganya. Mwezi wa kwanza nilipojisikia mtu tena, aliniuliza malengo yangu ni yapi. Nilimpa mengi. Nilitaka kufungua hoteli Karatina, kufuga nguruwe, kurudi shuleni, na kuanzisha kwaya ya akina mama itakayoshinda kwaya zote za eneo letu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sasa mama," akasema, "haya malengo ni ya nani? Ni ya yule mama wa juu, asiyelala, ama ni ya huyu amekaa hapa na mimi?"

Nilikasirika. Nilimwambia vidonge vyake vimenipa mikono ya kutetemeka mpaka namwaga chumvi, ashughulike na hilo kwanza aachane na hoteli yangu. Akasema atamwambia daktari kuhusu mikono, kisha akarudi palepale kwenye swali lake. Huyo msichana hachoki.

Alichonifundisha ni kwamba lengo la mtu kama mimi linahitaji sakafu na dari. Sakafu ni kile kidogo ambacho hata siku ya blanketi nitakifanya. Dari ni pale ambapo hata siku ya moto nitasimama. Nikamuuliza ni kipi kigumu kati ya hivyo viwili, akatabasamu kidogo. "Kwa wewe? Dari," akasema.

Nilimdharau, lakini nilijaribu. Niliamua kupalilia mikahawa angalau mstari mmoja kwa siku, na mistari mitatu isizidi. Kuna asubuhi ambapo huo mstari mmoja ulinitoa machozi, jembe likawa zito kama limefungwa jiwe, nikapalilia huku nalia na pua inachuruzika. Lakini niliumaliza na kurudi kitandani bila kujichukia. Sikutarajia kwamba asubuhi nzuri ndizo zingenishinda. Mstari wa tatu unaisha, jua halijapanda, mwili unaimba, na unatakiwa uweke jembe begani na kwenda nyumbani. Tangu utotoni nimeambiwa haba na haba hujaza kibaba. Hakuna aliyewahi kuniambia kibaba kikijaa niache kumimina.

Jirani yangu alikuwa akinichungulia juu ya ua. "Ai! Kwani umechoka saa tatu ya asubuhi?"

"Nimefika," nilimjibu.

Alieneza habari kwamba nimekuwa mvivu. Na Nyeri hii, heri uitwe mwendawazimu. Mwendawazimu huombewa kanisani, lakini mvivu hasamehewi na mtu. Nilimeza hayo maneno pamoja na vidonge vyangu. Nilikataa pia kwenda kwenye kesha za maombi, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwamba usingizi ndio dari kubwa kuliko zote, na kwamba ugonjwa wangu huingilia hapo kila mara. Mchungaji alidhani nimerudi nyuma katika imani. Nilimwambia Mungu ananisikia hata mchana.

Kwa hiyo binti yangu alipopiga simu ile, nilikuwa tayari mtu wa sakafu na dari kwa muda mrefu. Nilipofika kliniki mwezi huo muuguzi aliniuliza, kama kawaida yake, ni nini ninachotaka sasa.

"Nataka kwenda kumtunza binti yangu akijifungua," nikasema. "Nataka aniachie mtoto bila kuogopa."

Nilisema hivyo nikaanza kulia, jambo ambalo sikulipanga. Alinipa karatasi nijipanguse, akangoja.

"Na usiku nani ataamka?"

"Mimi. Ndiyo kazi ya nyanya."

"Hapana, mama. Jua ikiingia, huyo mtoto si wako. Wewe ni nyanya wa mchana. Tafuta mwenye atakuwa wa usiku."

Tulifikiria pamoja. Mwalimu huamka alfajiri kwenda shuleni. Wasichana wa kazi huja na kuondoka. Mtu mwenye haki ya kukaa na mtoto huyo, na mwenye nguvu, alikuwa mmoja tu, naye ni yule mjane wa Kianyaga. Nikasema haiwezekani, nikafunga mkoba wangu.

Asiyejua mila yetu hataelewa. Sisi na wazazi wa upande wa pili tunaheshimiana kwa woga. Mbele yao hupengi kamasi, huli ukashiba, huvui kitambaa cha kichwa. Watu wa ukoo wako wanaweza kukuona umelewa na kesho mkasalimiana, lakini wakwe wanapaswa kukuona ukiwa umeoga. Sasa niende nimkalie mama huyo mbele nimwambie kichwa changu kina kasoro, na mwanawe ameoa katika damu hiyo?

"Mficha uchi hazai," muuguzi akasema.

"Mimi nimeshazaa," nikamjibu.

"Basi hutazaliwa."

Niliondoka pale nimemnunia, na kesho yake nikaoka mkate wa kumpelekea yule mjane, kwa sababu mtu haendi mikono mitupu.

Kianyaga kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Mama huyo alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa kilichofumwa, akatoa vikombe vya maua na visahani vyake, vile vinavyokaa kabatini vikingoja askofu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilipoinua kikombe kilianza kugonga kisahani, tik-tik-tik, na kadiri nilivyojikaza ndivyo kilivyozidi. Yeye alitazama dirishani kwa adabu, akasifu mvua. Chai ikanimwagikia kwenye sketi. Nikaweka kikombe mezani nikasema yote.

Nilimwambia kuhusu ugonjwa na vidonge, na kwa nini mikono inatetemeka. Nikamwambia kwamba nikikosa usingizi siku chache ninaweza kuwa mtu mwingine, na kwamba nataka kumlea mtoto anayekuja lakini siwezi kumlea usiku. Maneno yalitoka vibaya, yakigongana. Nilikuwa nikitazama miguu yangu muda wote.

"Najua," akasema.

Niliinua macho.

"Nilijua kabla hujakauka. Kerugoya si mbali. Nilipigiwa simu siku hiyo hiyo, ati mama ya bibi ya kijana yako amepatikana kwa barabara na mtoto." Alikunja mikono mapajani. "Nikauliza, alikuwa anaenda wapi? Wakasema, ati alikuwa anakuletea wewe mtoto umuone."

Nilipangusa chai kwenye sketi.

"Kwa miguu," akaendelea. "Na hiyo mvua yote. Mimi niko na watoto saba na wajukuu siwezi maliza kuhesabu. Mpaka leo kuona mtoto lazima niombe, lazima niende mwenyewe. Hakuna mtu mwingine amewahi toka kwake kuniletea. Ulikuwa mgonjwa, sawa. Lakini ulikuwa unaniletea mimi."

Nilijifunika uso kwa leso nikalia mbele ya mkwe, kitu ambacho mama yangu, kama angekuwa hai, angenipiga kofi kwa ajili yake. Yeye hakunigusa wala hakuniambia ninyamaze. Aliinuka, akachukua kile kikombe cha maua na kisahani chake akavirudisha jikoni, akaja na kikombe kikubwa cha bati chenye mkono mpana. Alikuwa amekijaza nusu tu, kisinimwagikie. Akajiletea na yeye cha bati, akaketi.

"Mimi tangu mzee aende silalangi usiku," akasema. "Nalala tu hapo nikisikiza mbwa za majirani. Niko macho ya bure. Wewe lala, mimi niwe na huyo mtoto."

Mtoto alizaliwa katika ule ukungu wa Julai, wakati mlima haujionyeshi kwa wiki nzima na nguo hukaukia juu ya jiko. Tulifika Kerugoya pamoja siku moja, mjane kutoka Kianyaga na mimi kutoka Nyeri, kila mmoja na gunia lake dogo la njahi, maana hakuna aliyemwamini mwenzake kuchagua njahi nzuri. Binti yangu alipotuona mlangoni tumesimama pamoja alicheka mpaka akashika tumbo, akasema inauma, akacheka tena.

Mchana ulikuwa wangu. Nilimwogesha mtoto nikiwa nimekaa sakafuni juu ya mkeka, beseni katikati ya miguu, ili mikono yangu ikitetemeka asiwe na mahali pa kuanguka. Siku za kwanza binti yangu alikuwa akisimama mlangoni wakati huo, akijifanya anatafuta taulo. Nilimwacha ajifanye. Mtoto mwenyewe hakujali mtetemo. Nadhani aliupenda, kwa sababu alikuwa akilala mikononi mwangu haraka kuliko kwa mtu mwingine, na mimi nikawa najivunia ugonjwa wangu kwa mara ya kwanza.

Kila jua lilipozama, mwenzangu alichukua leso, akaipasha joto kwenye jiko la makaa, akaja na kuinyoosha. "Leta," alisema. Neno hilo moja tu. Wiki ya kwanza nilimchukia mama yule kwa neno hilo. Nilimkabidhi mtoto, nikameza vidonge, nikaingia chumba cha pili kulala na mjukuu mkubwa, ambaye hulala amekuwekea mguu shingoni. Kisha nilimsikia mtoto mchanga akilia ng'ambo ya ukuta, nikalala chali, sikuinuka. Nimechuma kahawa kwenye mvua, nimezika wazazi, nimezaa bila daktari, lakini sijafanya kazi ngumu kama hiyo ya kutoinuka.

Wiki mbili zilipita na hakuna aliyelitaja jina. Binti yangu alimwita mtoto "huyu" na mwalimu akamwita "mgeni". Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kuja Jumamosi kumwona mtoto, na swali lao la kwanza lilijulikana. Mwenzangu alikuwa akinitazama akiwa anachambua njahi, halafu anarudisha macho kwenye ungo.

Ijumaa mchana, mwenzangu akiwa amelala, nilimpelekea binti yangu sahani yake na kuketi kitandani pembeni yake. Mtoto alikuwa akinyonya. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu tangu asubuhi.

"Nataka uniruke," nikasema. "Mpe jina la dada yangu. Ni wa nyumba moja na mimi, mila haitavunjika. Watu watanyamaza."

Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikisimama sitaanza tena. Nilimwambia mtoto akicheka sana watamchunguza, akinyamaza sana watamchunguza, na kwamba hata yeye mwenyewe, mama yake, atakuwa akimwangalia kwa jicho hilo. Sikutaka mtoto aanze maisha akiwa amebeba mzigo wangu. Nikamwambia nampenda, na kwamba kumruhusu aniruke ndiyo zawadi niliyo nayo.

Binti yangu aliweka sahani chini. "Mami, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Siku ile ya mvua, unadhani nilikuwa nimekasirika na wewe?"

"Hukuniangalia njia nzima."

"Niliona haya. Wewe ulikuwa hujalala siku sijui ngapi na mimi nilikuwa nimelala vizuri. Niliona macho yako yamekuwa makubwa nikasema, wacha, ni furaha. Ilikuwa inanisaidia, so sikuuliza." Alimhamisha mtoto titi la pili, taratibu. "Hiyo haya ndiyo ilifanya nisiweze kukuangalia."

Nilitaka kumwambia hakuwa na kosa lakini nikabaki nikinyoosha shuka.

"Na hii ya jina," akasema. "Daktari alisema inaweza fuata damu, si ndiyo? Ikitaka kumfuata itamfuata hata tukimwita auntie. Damu haiangaliangi jina. Lakini ikimpata, mimi nataka impate kama ameitwa mtu mwenye aliiweza." Alipangusa pua kwa mkono wa nguo kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. "Sasa nipatie hizo njahi kabla hazijapoa, na sitaki kusikia hiyo maneno tena."

Nilimpa njahi. Nililia zile saa zote zilizobaki, si kwa huzuni, nikikoroga uji na kukunja nepi na kulia, na mjukuu mkubwa akinifuata nyuma akiuliza ni nani amenichapa.

Jumamosi akina mama walijaa sebuleni na unga, sukari, uji kwenye chupa za chai na leso mpya zilizokunjwa. Waliomba, wakakaa, wakapokezana mtoto. Halafu mkubwa wao, mwenye kitambaa cheupe, akamweka magotini na kuuliza kwa sauti ya watu wote, "Haya. Ni nani amezaliwa?"

Binti yangu hakujibu. Aliniachia mimi.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, nikairudia. "Nimezaliwa."

Walipiga vigelegele mpaka watoto wa ploti wakaja mlangoni. Nilishikwa mikono, nikakumbatiwa, nikaimbiwa. Mwenzangu wa Kianyaga aliimba kwa nguvu kuliko wote, na sikujua ana sauti. Nilikaa na mtoto mapajani, nikahisi furaha ikipanda, na ilipokuwa ikipanda nikaijua. Ilikuwa safi kabisa na ilikuwa na haki ya kuwepo, lakini ngazi ilikuwa ile ile ya siku ya mvua. Nilianza kuona namna ya kupanua nyumba ya mwalimu. Nikaona hawa wote hawatoshi, tungepaswa kuita na wa Nyeri, na nikafikiri ni mbuzi wangapi. Maneno yalianza kunijia kwa haraka, mazuri, yakisukumana.

Nje mwanga ulikuwa umepungua. Jikoni nilimsikia mwenzangu akipuliza makaa. Akaja na leso, akapita katikati ya akina mama waliokuwa wakiimba, akainyoosha mbele yangu.

"Leta," akasema.

Nilimtazama. Nilitaka kumwambia leo hapana. Leo ni siku yangu, siku kama hii hairudi, nipe mpaka wamalize wimbo huu, mpaka waondoke, mpaka asubuhi. Kila neno la hayo lilikuwa kweli. Mtoto alikuwa mzito na mwenye joto mapajani mwangu, vidole vyake vimeshika kidole changu. Binti yangu alikuwa upande wa pili wa sebule akimwagia mgeni uji, na hakugeuka kunitazama kuona nitafanya nini. Aliendelea tu kumimina.

Nilifungua vidole vyake kimoja kimoja, nikampa mwenzangu mtoto.

"Mwenye jina, sasa unaenda wapi?" mama mmoja akauliza nilipoinuka. "Si sherehe ndiyo inaanza?"

"Kulala," nikasema.

Nilimeza vidonge vyangu kwa maji ya uvuguvugu, nikavua kitambaa cha kichwa, nikajilaza kando ya mjukuu mkubwa. Sebuleni waliendelea. Nilisikia jina langu likiitwa na huyu, na yule, kwa kubembeleza, kwa kucheka, likipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Walikuwa wakimwita mtu mwingine. Sikuitika. Nilifumba macho.